Jinsi ya kusoma tabianchi na maji ya zamani kwenye tope la ziwa la kaskazini, toka kwenye barafu mpaka kwenye grafu

Wadogo zangu mnaokuja kusoma masters Ufini na Uswidi mmeniuliza hii kitu mara nyingi. Wengi mmetoka kwenye jiografia au jiolojia ya nyumbani, unafika huku msimamizi wako anakwambia Machi tunaenda ziwani kuchukua mashapo, yaani tope lililotulia chini ya ziwa, na wewe hata kutembea juu ya barafu hujawahi. Basi naandika yote kwa mpangilio, na nitakaa zaidi kwenye zile sehemu ambazo nimeona watu wanaharibu kazi.

Wazo lenyewe ni rahisi. Kila mwaka ziwa linapokea udongo ulioletwa na maji ya theluji, chavua ya misonobari na mibetula, mwani uliokufa, maganda ya wadudu, vyote vinazama polepole na cha mwaka huu kinalala juu ya cha mwaka jana. Skandinavia ilikuwa imefunikwa na barafu kubwa ambayo ilimalizika kuondoka kama miaka 10,000 iliyopita, kwa hiyo maziwa mengi ya huku yana kumbukumbu ya toka hapo. Machache tu yanaenda mbali zaidi, kama El'gygytgyn kule mashariki mwa Siberia, ambalo ni shimo la kimondo ambalo barafu kubwa haikuwahi kulifunika, walitoboa mwaka 2009 wakapata mashapo ya miaka milioni 3.6.

Sasa kitu kimoja kishike toka mwanzo. Sehemu yenye thamani kuliko zote kwenye nguzo yako ya tope, ile silinda ndefu unayoitoa chini ya ziwa kwa bomba, ni zile sentimita chache za juu kabisa, lile tope laini kama uji mwepesi wa mtoto. Hapo ndipo ilipo miaka 100 mpaka 150 ya karibuni, miaka ambayo kuna watu walikuwa wanapima joto na mvua na kina cha maji kila siku na kuandika. Ukishajua tope la 1950 linafananaje na vipimo vya 1950 vinasema nini, ndio unapata haki ya kusema kitu kuhusu tope la miaka 5,000 iliyopita. Nimeona watu wanapiga picha na nguzo ya mita sita wakati sentimita tano za juu wamezimwaga kwenye theluji, inauma.

KWANZA: swali ndio linachagua ziwa

Kama unataka joto, tafuta ziwa dogo, lenye umbo la bakuli, kina cha kutosha, lisilo na mto mkubwa unaoingia, mbali na mashamba. Kama unataka mafuriko ya kuyeyuka kwa theluji, hapo sasa unahitaji mto uingie, kwa sababu mto ndio unaleta udongo. Kama unataka kupanda na kushuka kwa kina cha maji, tafuta ziwa lisilo na mto unaotoka, au lenye kingo za mteremko mdogo, maana hapo maji yakishuka nusu mita tu ufukwe unahama mbali. Ziwa moja linalojibu vyote vitatu ni nadra sana, usijidanganye.

Halafu kabla hujapakia hata kamba, nenda kwenye makavazi na ramani za zamani, waulize na wazee wa pale. Maziwa ya Ufini yameguswa sana na watu: kuna yaliyoshushwa makusudi ili wapate shamba, kuna mito iliyonyooshwa ili magogo yaelee vizuri, na miaka ya 1960 na 1970 walichimba mitaro mingi sana kwenye ardhi ya mboji ili misitu ikue. Ziwa Höytiäinen, karibu na Joensuu, mwaka 1859 walikuwa wanachimba mfereji wa kulishusha kidogo kidogo, mfereji ukabomoka, maji yakashuka kama mita 9.5. Fikiria umekaa na nguzo ya tope toka pale, hujui hiyo habari, unaona kina kimeanguka ghafla, unaandika kwamba kulikuwa na ukame mkubwa katikati ya karne ya 19. Utaandika uongo na data zako zitakuwa sahihi kabisa.

Jambo jingine la huku ambalo nyumbani hatuna ni ardhi inayopanda. Ule uzito wa barafu kubwa uliondoka lakini ardhi bado inanyanyuka mpaka leo, maeneo ya Vaasa (pwani ya Ufini) na Umeå (pwani ya Uswidi) ni kama milimita 8 kwa mwaka. Kwa hiyo maziwa mengi ya pwani yalikuwa ghuba za bahari kwanza, na hata bara ziwa linaweza kuinama taratibu mpaka maji yakahamia njia nyingine ya kutokea. Tope linaonyesha hayo vizuri, diatomu (mwani mdogo sana wenye ganda kama la kioo) za maji ya chumvi chini halafu za maji baridi juu, lakini hayo ni mambo ya ardhi, usiyaandikie tabianchi.

PILI: siku ya barafuni

Machi au mwanzo wa Aprili ndio muda mzuri, barafu ni nene na mchana ni mrefu. Barafu ni jukwaa bora kuliko boti yoyote kwa sababu haitikisiki. Mimi kwa watu watatu na vifaa sikanyagi chini ya sentimita 30 za barafu ngumu, na unapima unavyoenda, sio pale ulipopaki tu, kwa sababu karibu na mdomo wa mto na kwenye manyasi barafu inakuwa nyembamba bila kukuonyesha. Shingoni unavaa vile vipini viwili vyenye misumari, ukitumbukia unavichomeka kwenye barafu unajivuta utoke. Vivae juu ya jaketi, vikiwa ndani havikusaidii. Usiende peke yako.

Toboa matundu na keekee ya barafu kwa mistari miwili inayokatana, shusha uzi wenye uzito upime kina kila tundu, ndio unapata sehemu yenye kina kirefu na sakafu iliyo tambarare. Usichukue kwenye mteremko, tope la mteremko linateleza likachanganya miaka.

TATU: chukua kwanza sehemu ya juu

Unaanza na bomba fupi la plastiki angavu linaloshuka kwa uzito wake. Lishushe taratibu sana, mita ya mwisho lishushe kama unaweka mtoto aliyelala kitandani, maana ukilidondosha linasukuma wimbi la maji mbele yake na lile tope laini linapeperuka kabla bomba halijafika. Ukilivuta juu angalia hivi: maji yaliyo juu ya tope yawe masafi na mstari wa kukutana maji na tope uwe umenyooka. Kama maji yamechafuka, mwaga, hamia tundu jingine, rudia. Hata mara sita.

Tope hilo likate palepale barafuni. Unalisukuma toka chini kwa pistoni, linatokea juu, unakata kila nusu sentimita unaweka kwenye mfuko wenye namba. Mwaka wangu wa kwanza huku niliwekwa na timu moja ambayo ilikuwa na haraka, mabomba yakalazwa chini kwenye gari, barabara ya changarawe kilomita zaidi ya mia, tulipofika sehemu ya juu ilikuwa imekuwa supu. Miezi miwili ya maombi ya fedha na siku tatu za baridi zikaisha hivyo. Toka siku hiyo bomba langu linasafiri limesimama, nimelikumbatia mwenyewe kama hakuna sehemu ya kulifunga.

Kama ziwa lina tabaka za mwaka mmoja mmoja, kuna njia ya kugandisha. Unachukua kabari ya chuma iliyo wazi ndani, unajaza barafu kavu (kaboni dioksaidi iliyogandishwa) na ethanoli, unaichomeka kwenye tope, unasubiri kama dakika kumi na tano, unaivuta. Tope limeganda nje yake kama mwiko uliochovywa kwenye ugali. Unakwangua ule uso mchafu kwa kisu, na hapo ndio utapenda kazi hii: mistari, mwembamba mweupe, mwembamba mweusi, mweupe, mweusi. Mweupe ni udongo wa mafuriko ya masika theluji inapoyeyuka, mweusi ni mabaki ya viumbe ya kiangazi mpaka baridi. Jozi moja ni mwaka mmoja. Mswidi Gerard De Geer alianza kuifuatilia mistari ya namna hii kwenye udongo wa mfinyanzi toka 1878, na Waswidi wanaiita varv. Ziwa Nautajärvi la Ufini lina jozi zinazokaribia 10,000.

NNE: nguzo ndefu

Hapa kuna vifaa viwili vikubwa. Kimoja ni cha Kirusi, nusu silinda yenye mlango unaozungushwa kikiwa ndani ya tope, kinafunga tope lisilosukumwa. Kingine ni bomba la pistoni la Livingstone. Sio yule Livingstone wa Ujiji, huyu ni Daniel Livingstone, Mmarekani, alichapisha muundo wake 1955 akiwa ametoka kufanya kazi kwenye maziwa ya Alaska, halafu akaja kwetu, akachukua mashapo ya Ziwa Mahoma kwenye milima ya Ruwenzori, Uganda. Kwa hiyo hicho chuma unachokishika Lapland, kaskazini kabisa mwa Ufini na Uswidi, kimeshachimba na tope la nyumbani.

Chukua mita moja moja kwenye matundu mawili yaliyo jirani, la pili lianze nusu mita chini zaidi ya la kwanza, ili maungio ya tundu moja yaangukie katikati ya kipande cha tundu la pili. Na kila kipande, kabla hakijatoka mkononi mwako, chora mshale wa juu, andika kina cha kuanzia na cha kuishia, kwa kalamu isiyofutika na tena kwa penseli kwenye daftari, maana wino kwenye baridi ya digrii 15 chini ya sifuri unagoma.

TANO: kufungua labu

Ukipasua nguzo kwa urefu piga picha hapohapo, kabla ya chai, kabla ya kitu chochote. Tope bichi lina mistari myeusi kabisa ya chuma na salfa, linanuka yai viza, na likikutana na hewa linaanza kuwa kahawia mbele ya macho yako, baada ya muda mistari imefifia na hairudi. Nusu moja ya nguzo ni ya kazi, nusu nyingine ni ya akiba.

Baada ya hapo vipimo vya haraka. Pima kiasi cha mabaki ya viumbe kwa kuchoma: kausha sampuli digrii 105, ipime uzito, choma kwenye tanuru digrii 550 kwa saa nne, pima tena, uzito uliopotea ndio mabaki ya viumbe. Skana ya eksirei inakupa madini bila kukata kitu, titaniamu ikipanda maana yake udongo wa nchi kavu umeingia kwa wingi.

SITA: miaka

Bila miaka una tope tu. Kwa sehemu ya juu tumia risasi-210, ni mionzi ya asili inayodondoka toka hewani, nusu yake inaisha kila miaka 22 na kidogo, kwa hiyo baada ya kama miaka 150 haionekani tena. Ihakikishe na sesiamu-137, ambayo ina kilele cha 1963 cha majaribio ya mabomu ya nyuklia na kingine cha 1986 cha Chernobyl. Sehemu nyingi za Ufini na Uswidi cha 1986 ni kikubwa mno mpaka kinameza cha 1963, usihangaike kukitafuta.

Chini ya hapo ni kaboni-14, na hapa ndio pesa zinapotea. Usipeleke tope lenyewe. Maji ya huku yanabeba kaboni kongwe toka kwenye ardhi ya mboji, tope linatoka na umri wa mamia ya miaka zaidi ya ukweli. Pekua kwenye chekeche utafute jani la mbetula, mbegu, sindano ya msonobari, kitu kilichoota nchi kavu na kuvuta kaboni ya hewa ya mwaka ule. Kiache kikauke, kifunge kwenye karatasi ya alumini, usikihifadhi kibichi, ukungu ukiota juu yake umeingiza kaboni ya leo. Halafu umri unaoletewa na labu sio miaka ya kalenda, lazima uupitishe kwenye mkunjo wa usahihishaji, wa sasa unaitwa IntCal20, na uunganishe nukta zote kwa programu kama Bacon ili upate umri wa kila sentimita pamoja na kiasi cha kosa.

Hapohapo piga hesabu ya kasi. Ziwa la Lapland linaweza kuweka milimita 0.2 tu kwa mwaka, yaani sentimita moja ni miaka 50. Ukikata kila sentimita usije ukasema habari ya kiangazi kimoja.

SABA: joto

Shahidi mkubwa wa joto la Julai ni kironomidi, wale wadudu wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Ndugu zao ni wale wanaopanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria mpaka wavuvi wanaziba midomo. Mabuu yao yanaishi kwenye tope, yanapojivua ganda yanaacha kichwa kigumu ambacho hakiozi hata miaka elfu kumi. Loweka tope kwenye potasiamu haidroksaidi asilimia 10, chuja kwenye chekeche la kama mikroni 100, mwaga kidogo kwenye trei, weka chini ya maikroskopu na anza kuokota kimoja kimoja kwa koleo ndogo. Kichwa kinaonekana kama kikombe kidogo cha kahawia chenye meno. Kiweke chali kwenye kioo, meno yatazame juu, kwa sababu idadi na umbo la meno ndio jina lake. Ukikilaza kifudifudi umepoteza. Unahitaji angalau vichwa 50 kwa sampuli, na siku ya kwanza utapata kumi, usikate tamaa, jicho linazoea.

Halafu unalinganisha na maziwa mengi ya leo, toka msituni mpaka tundra, ambayo watu wameshahesabu vichwa vya tope la juu na wanajua Julai yake ina digrii ngapi. Hesabu zenyewe kompyuta inafanya. Ila kosa lake ni kama digrii 1 kwenda juu au chini, kwa hiyo kigongo cha digrii 0.4 kwenye grafu yako usikipe jina.

Diatomu nazo zinasaidia, hasa kuhusu muda wa barafu. Chemsha na haidrojeni peroksaidi, hesabu kama 300 au 400. Diatomu aina ya Aulacoseira ni nzito, inahitaji maji yanayokorogwa na upepo, wakati zile za aina ya Cyclotella, ndogo, zinapenda maji yaliyotulia na kupata joto. Maziwa mengi ya Aktiki yamehamia kwenye Cyclotella toka karne ya 19, maana barafu inawahi kuondoka.

NANE: maji, na hapa tulia

Watu wanakosea sana hapa kwa sababu joto na maji vinaingiliana. Kironomidi wanajali kina pia, kwa hiyo ziwa likikauka wanaweza kukuonyesha joto ambalo halikuwepo. Lazima maji uyatafutie ushahidi wake peke yake. Njia ninayoiamini zaidi kwa kina ni kuchukua nguzo kadhaa kwa mstari toka ufukweni mpaka katikati: maji yakishuka, mchanga na mbegu za mimea ya majini vinasogea kuelekea katikati, na nguzo za pembeni zinakuwa na pengo, miaka imekosekana. Pengo ni data, liandike. Njia nyingine ni isotopu za oksijeni (atomi za oksijeni zenye uzito tofauti) kwenye selulosi ya mwani, maji yakivukizwa sana ile oksijeni nzito inabaki nyuma na selulosi inaibeba.

Kuonyesha uzito wake, angalia delta ya Peace na Athabasca kaskazini mwa Alberta, Kanada. Bwawa la Bennett lilianza kujazwa 1968 sehemu za juu za Mto Peace, na baadaye delta ikaonekana inakauka, watu wa Mikisew Cree na wenzao wanaoishi pale kwa uwindaji na uvuvi wakapata taabu. Ni bwawa au ni tabianchi? Vipimo vya mto vya kabla ya bwawa ni vichache, kwa hiyo tope la maziwa madogo ya pale likaitwa kutoa ushahidi wa mafuriko ya karne za nyuma, na ubishi bado ni mkali kwa sababu nyuma yake kuna maisha ya watu. Ukifanya kazi sehemu kama hiyo waendee kwanza wenyeji wakwambie maji yalifika wapi mwaka gani, wanajua.

TISA: kabla hujatuma grafu

Rudi kwenye sehemu ya juu. Chukua makadirio yako ya toka 1900 yaweke juu ya vipimo vya kituo cha karibu. Kama hayafanani, simama. Ziwa Korttajärvi, karibu na Jyväskylä, Ufini, lina tabaka za mwaka za miaka 3,000, kazi nzuri kabisa iliyochapishwa 2003, na walioifanya waliandika wazi kwamba karne ya 20 imechafuliwa na shughuli za watu, mpaka kuna tabaka nene la 1967 lililotokana na ujenzi wa daraja. Baadaye wengine wakachukua data zile wakazilinganisha na joto la karne hiyohiyo ya 20, na ubishi ukawa mrefu, kwa sababu udongo wa daraja unaweza kusomeka kama joto. Onyo lilikuwa limeandikwa, lilihitaji kusomwa tu.

Ukimaliza hapo tafuta alama za pamoja. Ule ubaridi wa kama miaka 8,200 iliyopita unaonekana kwenye maziwa kadhaa ya Skandinavia, Nautajärvi likiwemo, kwa hiyo kama nguzo yako inafika huko na haina kitu, kagua miaka yako upya.

Ile nusu ya akiba sasa. Funga kwa nailoni tabaka mbili, toa hewa, mshale wa juu uonekane, jina la ziwa, tarehe, kina cha maji, namba ya tundu, iweke kwenye friji ya digrii 4, usiigandishe. Na kile kipande cha sentimita kumi za juu kiwekee sanduku lake gumu peke yake, kisimame.